Maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kula kwenye mgahawa wa Kifaransa wenye pilipili za jangwani, hapa Phoenix

Mi ni weita. Huu mwaka wa saba nabeba sahani kwenye mgahawa wa Kifaransa hapa Phoenix, Arizona, ile ya vitambaa vyeupe mezani na taa zimefifia mpaka mtu anawasha tochi ya simu kusoma menyu, ila mpishi wetu akishamaliza sosi yake ya Kifaransa anaitia pilipili za New Mexico, na bata wake analala juu ya mahindi ya buluu. Na waswahili mji huu tumejaa, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Wabongo, basi sina harusi wala msiba ninaohudhuria bila mtu kunivuta pembeni, "eti kaka, pale kwenu mtu anaingiaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Nimeweka yote hapa, tumianeni kwenye magrupu. Jina la kazini silitaji, bado nadaiwa gari.

Kwanza, hiki ni chakula cha Kifaransa au cha Kimeksiko? Tuelewe.

Ufundi ni wa Kifaransa, vinavyopikwa ni vya hapa. Yaani mifupa inachemshwa siku nzima mpaka supu inakuwa nzito inanata mdomoni, siagi inapigwa kwenye sosi mwishoni kabisa, nyama ikitoka motoni inapumzishwa kwanza, hayo yote ya Ufaransa. Lakini kinachoingia sufuriani ni cha kusini-magharibi mwa Marekani, Arizona, New Mexico na upande wa Texas, nchi ya mahindi, maboga, maharage na pilipili tangu Mhispania hajatia mguu.

Watu wanadhani ni mtindo wa juzi. Mfaransa huku yuko zamani, askofu Jean-Baptiste Lamy, mtu wa Auvergne, alifika Santa Fe, New Mexico, mwaka 1851 akapanda bustani ya matunda, na kanisa kuu alilolijenga lipo mpaka leo katikati ya mji. Ila kwenye migahawa mambo yalichanganya hasa miaka ya 1980. John Rivera Sedlar, kijana wa New Mexico aliyefundwa kazi kwa mpishi Mfaransa, alifungua mgahawa wa St. Estèphe kule California 1980, ikaanza kama Kifaransa kitupu halafu taratibu akawa anarudisha vyakula vya kwao. Tucson, hapa hapa Arizona, akaja mpishi Janos Wilder 1983, Santa Fe akaja Mark Miller na Coyote Cafe 1987. Na hapa hapa Phoenix Vincent Guerithault, huyu ni Mfaransa mwenyewe wa kuzaliwa, akawa anafunga nyama ya bata ndani ya tamale kwenye mgahawa wake wa barabara ya Camelback, mwaka 1993 wakampa tuzo ya James Beard, ile kubwa ya wapishi wa Marekani, kama mpishi bora wa ukanda huu. Sisi wengine wote tunachuma kwenye shamba la hao.

Angalizo, ukitafuta mtandaoni "kusini-magharibi" ukaletewa Gascony na Toulouse, maharage yaliyookwa na soseji na bata, hiyo ni kusini-magharibi ya Ufaransa, habari nyingine kabisa, ingawa kwa bata wote wamoja.

Pilipili na siagi wapi na wapi?

Hapa ndo patamu. Ule ukali wa pilipili hauyeyuki kwenye maji, unayeyuka kwenye mafuta. Ndo maana ukiungua ulimi ukanywa maji unazidi kuungua, ukinywa maziwa unapoa. Sasa sosi ya Kifaransa nusu yake ni siagi na krimu, kwa hiyo pilipili ikiingia mle inasambaa mdomo mzima lakini haichomi sehemu moja, unabaki na ile harufu ya moshi na utamu wa pilipili yenyewe. Mpishi wetu anachoma pilipili za Hatch, zinatoka bonde la Hatch kule New Mexico, mavuno yake Agosti na Septemba, anazichoma mpaka ganda linakuwa jeusi, anazifunika kwenye bakuli zijitoe jasho, anazimenya kwa vidole bila kuosha, kwa sababu ukiosha umeuaga utamu. Kisha anasaga na siagi. Siku hiyo jikoni hatuongei, tunakohoa tu.

Ni kali lakini?

Kwenu nyie? Hapana. Poblano kwenye kipimo cha Scoville, kile cha kupima ukali wa pilipili, ni 1,000 mpaka 2,000 hivi, jalapeno inafika 8,000. Pilipili mbuzi ni jamaa wa habanero, hizo ni 100,000 mpaka 350,000. Wateja wetu wa Minnesota, kule kaskazini, wanatokwa jasho kwa kitu ambacho mama yangu angeuliza mmetia chumvi tu au.

Kuna mama alikuja na pilipili yake kwenye pochi, kachupa ka mayonezi kamejaa pilipili ya kusaga na limao, akawa anachota chini ya meza. Mama, tulikuona wote. Hamna aliyekasirika, ila onja kwanza sosi yenyewe kabla hujaimwagia, mtu kaipika toka asubuhi. Na ukiomba pilipili kwa weita utaletewa, hatutozi.

Kuna chochote kitakachonikumbusha nyumbani?

Kingi, na hili ndo ninalotaka mlielewe kuliko yote maana mnaogopa kana kwamba mnaenda kula vitu vya mwezini. Mahindi! Msingi wa jiko hili ni mahindi. Ila wao wanayachemsha na chokaa kwanza, ganda linatoka, harufu inabadilika, na mwili unapata vitamini ambayo kwenye ugali wetu inabaki imefungiwa. Ndo maana unga wao una ile harufu kama ya mvua ya kwanza kwenye udongo, sijui niseme vipi, ukinusa utajua.

Posole ni mahindi hayo makubwa yaliyotolewa ganda, yanapikwa na supu ya pilipili nyekundu. Mtanzania ataita makande yaliyokosa maharage, Mkamba ataita muthokoi. Pale kwetu inakuja vijiko vitatu chini ya kipande cha mbavu za ng'ombe zilizopikwa kwa muda wa saa sita na mvinyo mwekundu, na nakwambia ukifumba macho umerudi bweni, isipokuwa hizi hazina wadudu.

Tamale ni unga wa mahindi unafungwa kwenye maganda ya bunzi unapikwa kwa mvuke. Wakongo mnaojua chikwangue mtaelewa wazo lenyewe, ingawa ile ni muhogo.

Maharage ya tepari, madogo madogo, ya watu wa Tohono O'odham, wenyeji wa asili wa jangwa hili, yanaota jangwani kwa mvua mbili tatu tu. Majani ya mpungate, ule ule wenye miiba wa kwetu, wanakwangua miiba wanachoma, yana ule mlenda wa bamia. Tunda lake la zambarau wanalifanya sosi ya kutiririsha kwenye fwa gra, yaani ini la bata.

Halafu kuni. Nyama inachomwa kwa mti uitwao mesquite (tamka mesikiti), na siku ya kwanza nilipoonyeshwa mti wenyewe nje ya mgahawa, miiba yake, vile viganda vya manjano, nikacheka peke yangu: huu si ukoo wa mathenge! Mathenge huyu huyu wa Baringo na Turkana anayekula mashamba na kung'oa mbuzi meno, huku moshi wake mtu analipia dola 58 kwa kipande cha nyama. Viganda wanasaga unga mtamu wanatia kwenye keki. Mkenya mmoja nilimweleza hivyo akanyamaza muda mrefu, akasema "basi kwetu tuko na pesa inaoza."

Hiyo tamale inaliwaje? Nisiaibike.

Unafungua ganda, unakula cha ndani, ganda unaacha. Usile ganda. Rais wa Marekani, Gerald Ford, mwaka 1976 akiwa kwenye kampeni San Antonio, Texas, alipewa tamale mbele ya kamera akaing'ata na ganda lake, mpaka leo wanamkumbuka kwa hilo. Mjomba wangu naye alifanya vile vile mezani kwangu, akatafuna muda mrefu bila kusema kitu, halafu akaniambia kwa upole "mwanangu, hii nyama imekaza."

Bei ikoje? Sema ukweli.

Ukweli ni ghali. Kwetu cha kuanzia ni dola 18 mpaka 25, sahani kuu 40 mpaka 60 na kitu, kitindamlo 14. Tufanye mko wawili, vya kuanzia viwili vya 20, sahani kuu mbili za 48, kitindamlo kimoja mnachangia, hapo ni 150. Kodi ni karibu asilimia 9, weka 13 na nusu. Tipu ya asilimia 20 ni 30. Mnatoka na 193 na senti 50, na hapo mmekunywa maji ya bomba. Ukiulizwa "maji ya aina gani" sema ya kawaida, ya bure, hamna anayekudharau. Ukisema ya gesi inakuja chupa na chupa ina bei yake.

Kuna kitu kimoja kinaumiza watu: weita anapotaja vyakula vya leo visivyo kwenye menyu mara nyingi hatutaji bei. Uliza. Mi mwenyewe nikiulizwa namheshimu mteja zaidi, huyu anajua anachofanya.

Tipu ni lazima? Kwetu unaacha buku ukipenda.

Kisheria si lazima. Kiukweli ni lazima. Sheria ya Arizona inamruhusu mwenye mgahawa kutulipa sisi wa tipu dola 3 pungufu ya kima cha chini kwa saa, mwaka 2025 kima kilikuwa 14.70 kwa hiyo weita 11.70. Mwaka 2024 waliwahi kuleta pendekezo la kutupunguzia zaidi kwa kura, wananchi wakalikataa kwa kishindo. Na ile tipu siendi nayo yote, namgawia anayefuta meza, anayeleta vyakula, na wa baa. Asilimia 18 mpaka 20 ndo kawaida ya sehemu kama hizi.

Ila soma bili! Mkiwa sita au zaidi sehemu nyingi wanaongeza ya huduma wenyewe, imeandikwa chini kabisa kwa herufi ndogo. Kuna familia ilikuja kumi na moja kwa ubatizo, ya huduma imeshakatwa, na baba akataka kuweka nyingine asilimia 20 juu. Nilimzuia. Si kila weita atakuzuia.

Nifanyeje nile bila kufilisika?

Njoo kiangazi. Phoenix Julai ni tanuri, mwaka 2023 tulipiga siku 31 mfululizo za digrii 110 na zaidi, hiyo ni 43 za kwetu, wazee wa Canada na Minnesota wanaokaa huku msimu wa baridi wote wameshakimbia, meza ziko wazi na migahawa mingi inashusha bei kutafuta wateja. Mahali ambapo Februari hupati meza, Agosti wanakubembeleza. Pili kuna ile wiki ya migahawa ya Arizona, inafanyika mara mbili kwa mwaka, vyakula vitatu kwa bei moja iliyopangwa. Tatu, kaa baa, si lazima unywe pombe, menyu ya baa ina vitu vile vile kwa ujazo mdogo na bei ndogo. Na kama wana chakula cha mchana, njoo mchana, mpishi ni yule yule.

Kugawana sahani mnaweza, wengine wanatoza ya kugawa, uliza mapema.

Kubuku meza, na mkichelewa je?

Buku. Wikiendi usije kichwa kichwa. Wanakupa dakika 15 za kuchelewa, zikipita meza inapewa mwingine, na baadhi wanachukua namba ya kadi kabisa wakukate usipotokea. Sasa sisi na muda wetu mnajijua.

Na hapa nikiri kosa langu. Dada yangu aliniambia nimbukie meza ya kumbukumbu ya ndoa yao, "saa moja Jumamosi," mi niko jikoni na sahani mbili mkononi nikamtamkia yule dada wa mlangoni vile vile, saa moja. Akaandika saa moja ya Kizungu, saa saba mchana! Dada kafika jioni kapendeza na shemeji kavaa suti, meza hakuna, na kwenye kompyuta imeandikwa hawakutokea. Shemeji hakunisemesha wiki mbili. Kwa hiyo mkibuku kwa Kiingereza hesabuni vidole, saa moja jioni ni saba yao.

Nivae nini?

Chochote kisafi kisichokuwa kaptula, kandambili, kofia ya besiboli au jezi ya Simba (samahani). Suti si lazima, hii ni Arizona, wazee wa huku wanavaa ile kamba ya shingoni yenye jiwe la feruzi na ndiyo tai rasmi ya jimbo. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinapita wote mle ndani. Kanzu pia. Akina dada bebeni kimtandio, nje ni jehanamu lakini ndani eisii inapiga kama mochwari.

Menyu siielewi hata robo.

Hata Wamarekani hawaielewi, wanaigiza. Maneno machache yatakutoa. "Confit" ni kitu, mara nyingi paja la bata, kimepikwa taratibu sana ndani ya mafuta yake. "Beurre blanc" ni sosi ya siagi na mvinyo mweupe. "Prix fixe" ni bei moja kwa mlo mzima. "Amuse-bouche" ni kale katonge ka bure ka mwanzo, ndiyo, ni ka bure, msikarudishe kama wale jamaa waliosema hatujaagiza. "Soufflé" ni kitindamlo cha mayai kinachoumuka kama puto, kinachukua dakika 20 na zaidi kwa hiyo unaagiza mapema pamoja na chakula, na kikifika kula hapo hapo, ukianza kupiga picha kinanywea mbele yako.

Sasa nyie mnaojua Kifaransa, Wakongo na Warundi, mna faida lakini mna mtego mmoja. "Entrée". Kwenu, na Ufaransa kwenyewe, ni cha kuanzia. Marekani ni sahani kuu! Mzee mmoja wa Bukavu aliagiza "entrée" mbili kwa kujiamini kabisa akijua ni vidogo vidogo vya mwanzo, zikaja steki na samaki mzima. Alivila vyote lakini, heshima yake.

Nyama zao zina damu damu. Naweza kuomba iive?

Omba, ni hela yako. Ile nyekundu si damu ila ni maji ya misuli, lakini najua hilo halimsaidii mtu aliyekua na nyama choma ya Jumapili. Waambie iive kabisa na weita akikunja uso mwache akunje. Ushauri wangu ni mwingine, usiagize kitu ambacho kikiiva kabisa kinakuwa kandambili. Kifua cha bata kinaliwa cha waridi katikati, ukikikausha umetupa dola 46. Chukua paja la konfi, au zile mbavu za mvinyo, hizo zinaiva mpaka mfupa unajitoa wenyewe, hakuna cha waridi humo, na mimi kwa maoni yangu ni vitamu kuliko steki. Konfi yetu ngozi inakaangwa mwishoni, inalia "kwaa!" ukiigusa kwa kisu, chini kuna sosi ya pilipili ya Anaheim na zabibu kavu, utamu na moshi pamoja. Nikiwa na siku mbaya jikoni wananiachia kipande.

Sisi Waislamu? Na Wasabato?

Swali zuri na naomba mlisome taratibu. Usiangalie nyama peke yake, angalia sosi. Sosi ya Kifaransa bila mvinyo ni chache, na kuchemka hakuondoi pombe yote. Ini la bata linalowa kwenye brandi. Na tamale, watu wengi hawajui, unga wake kienyeji unakandwa na mafuta ya nguruwe, hata kama ndani ni mboga tupu! Maharage ya kusaga vile vile. Vitindamlo vya kutikisika vina jelatini, mara nyingi ya nguruwe.

Nyama yenye cheti cha halali sehemu nyingi hawana. Kwa hiyo wengi wa ndugu zetu wanakula samaki, na hapo pia sema mapema, ukibuku kabisa, sio mezani saa mbili usiku jiko limezidiwa: bila mvinyo, bila nguruwe, kikaango kisafi. Mpishi akiambiwa mchana anakutengenezea kitu cha heshima, akiambiwa usiku anakupa mboga za kuchemsha. Wasabato, hayo ya nguruwe yanawahusu pia, na kamba na kaa wanaingia hata kwenye supu ambazo hazijaandikwa.

Uma na visu vyote vile?

Anzia vya nje ingia ndani. Mkate wako ni wa kushoto, glasi yako ya kulia. Umemaliza, laza kisu na uma pamoja sambamba, mi nikiona hivyo najua nitoe sahani, ukiviacha vimetengana najua bado unakula. Mkate kata kwa mkono. Basi, hamna lingine, na ukikosea hakuna polisi.

Mvinyo sijui chochote na yule jamaa wa mvinyo ananitisha.

Somelie. Kazi yake ni kukusaidia, na njia rahisi ni kumwonyesha kwa kidole bei unayoiweza kwenye orodha, kimya kimya, useme "kitu kama hiki," ataelewa na hatakuaibisha mbele ya mchumba. Akikumiminia kidogo uonje si kwamba anauliza umeupenda, anataka ujue kama umeharibika, ukinuka kama kadibodi iliyolowa urudishe. Jaribuni mvinyo wa Arizona yenyewe, upo, Willcox na Verde Valley wanalima zabibu vizuri sana siku hizi, na unavumilia pilipili kuliko ule mzito wa Bordeaux, maana pilipili na mvinyo mkavu mkali vikikutana mdomoni vinapigana. Chini ya miaka 21 hapana, beba kitambulisho hata kama una mvi mbili. Hunywi? Agiza juisi ya tunda la mpungate na soda, rangi yake inapiga picha vizuri.

Watoto?

Wanaruhusiwa. Ila saa mbili usiku na mtoto wa miaka miwili, jamani. Njooni kumi na moja jioni tukifungua kwa chakula cha usiku.

Watatuangalia vibaya? Lafudhi, rangi, na kadhalika.

Sitawadanganya. Mara nyingi hapana. Mara chache ndiyo. Sehemu moja niliyofanya kazi zamani kulikuwa na msimamizi aliyekuwa na tabia ya kuwapa watu fulani meza ya karibu na choo wakati katikati kuko wazi. Ukipewa hiyo sema kwa upole na kwa sauti ya kusikika, "tunaomba ile pale." Usieleze sababu. Tisa kati ya kumi unahamishwa, kwa sababu hakuna msimamizi anayetaka mjadala huo mlangoni na foleni inasikiliza. Na weita akikuharakisha usiharakike, meza umeilipia.

Kusali kabla ya kula, salini, sisi tunasubiri pembeni na sahani. Ila kama sala ni ya dakika saba semeni mapema tusizitoe jikoni.

Wale vijana wanaochukua funguo za gari?

Ni wafanyakazi, si wezi. Wape funguo, chukua kitiketi, ukirudi mpe dola 5. Shemeji yangu yule yule aligoma, akapaki mitaa minne mbali, Julai, na suti.

Tutashiba kweli? Nasikia vinaletwa vijiko viwili.

Kimoja kimoja ni kidogo, vitatu vinashibisha, maana siagi si mchezo. Mnaotegemea mlima wa bugali na sombe hamtaupata. Mkate wa mwanzo ni wa bure sehemu kama kwetu, mkiomba wa pili tunaleta, wa tatu tunaleta tukicheka. Na mabaki fungasheni bila aibu, tuna vidude vya kufungashia, watu wa magari ya bei mbaya wanafungasha nusu ya steki kila siku. Mama mdogo wangu yeye haombi mabaki yake tu, anaomba na mifupa ya bata ya meza nzima, kesho yake anaichemsha na ndimu na pilipili mbuzi mbili, halafu ananipigia simu niende kunywa supu.